Lengo la Kuweza, Lengo la Kushinda: Mwongozo kwa Mwalimu wa Darasa

Wagawie wanafunzi wako vipande vya karatasi, nusu ukurasa wa daftari unatosha, uwaombe waandike sentensi moja tu: muhula huu nataka nini shuleni. Wasiandike majina. Kusanya karatasi, nenda nazo ofisini, uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza liwe la walioandika kwamba wanataka kushika namba ya kwanza, kumpita fulani, kupata A zote au kutokuwa wa mwisho. La pili liwe la waliotaja jambo wanalotaka kuliweza: kugawanya namba kubwa, kumaliza kitabu kizima cha hadithi, kuchora ramani ya wilaya yao, kuelewa kwa nini mwezi hupungua. Usishangae fungu la kwanza likijaa mezani na la pili likabaki na karatasi za kuhesabika.

Watoto hawakuzaliwa na majibu hayo. Wameyasikia mstarini matokeo yanaposomwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wameyaona kwenye ripoti ya maendeleo iliyoandikwa "nafasi ya 61 kati ya 94", na nyumbani hilo ndilo swali la kwanza wanaloulizwa. Kazi ya mwongozo huu ni kukusaidia kuhamisha karatasi kutoka fungu la kwanza kwenda la pili. Ndani yake mna pia kazi ya kukuza ubunifu, kwa maana mambo haya mawili hayatengani. Mtoto anayeogopa kupitwa hajaribu kitu asichojua kama kitafaulu. Hunakili njia ya ubaoni neno kwa neno, kwa sababu ndiyo njia salama. Ubunifu nao huanzia hapo hasa ambapo mtu hajui atafika wapi.

Wanasaikolojia wa elimu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980, Carol Dweck na John Nicholls, kila mmoja kwa njia yake, walitenganisha lengo la kuweza na lengo la kuonekana bora. Carole Ames akaonyesha mwaka 1992 kwamba darasa lenyewe, kwa kazi linazotoa na namna linavyosahihisha na kusifu, ndilo linalomfundisha mtoto ashike lengo lipi. Anayewania kuweza akikosea hutafuta kosa limetoka wapi. Anayewania kuonekana bora akikosea hufuta haraka na kufunika daftari kwa mkono. Teresa Amabile naye, mwaka 1982, aliwapa wasichana wadogo vipande vya karatasi za rangi wabandike picha. Kundi moja liliambiwa zawadi zitakwenda kwa picha bora. Jingine liliambiwa zawadi zitatolewa kwa bahati nasibu. Wasanii walipozipima picha hizo bila kujua ni za kundi gani, za waliokuwa wakishindana zilionekana na ubunifu mdogo zaidi.

Sisemi ushindani ufukuzwe shuleni. Mashindano ya mbio, ya ngonjera na ya mpira yana raha yake, na mtihani wa darasa la saba upo na mtoto anapaswa kuufaulu. Ninachosema ni kwamba kushinda kusiwe lengo pekee linalosikika darasani kuanzia Januari hadi Novemba.

Anza na namna unavyopokea swali

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ikawa finyu. Mwenzake mmoja akawahi kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Mpemba, asije akakosa nafasi, akaweka yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado yalikuwa kama uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia kwa nini ya moto yaliganda kwanza, akaambiwa amechanganya mambo. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu, na tangu siku hiyo akikosea lolote darasani wenzake walimtania kwa maneno hayo. Hakuacha kujaribu. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipofika Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba alisimama akauliza swali lilelile mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne akasema atalijaribu akirudi Dar es Salaam, akafanya hivyo. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wanasayansi wangali wanabishana kulihusu: wapo waliopima na kuliona, wapo waliopima wasilione.

Tazama walimu watatu katika kisa hiki. Wawili wa kwanza huenda walijua fizikia vizuri, na kwa kanuni waliyokuwa wakiifundisha, swali la kijana lilionekana halina msingi. Wa tatu naye hakuwa na jibu. Tofauti ni kwamba alikubali lijaribiwe. Katika darasa lako neno hilo, "tujaribu", litagharimu dakika tano za kipindi na litakurudishia muhula mzima wa watoto wanaouliza.

Jizoeze maneno matatu uyaseme hadi yawe ya kawaida mdomoni mwako. La kwanza ni "umejuaje?", na uliulize kwa aliyepata na aliyekosa kwa sauti ileile, ukiliuliza kwa aliyekosa tu, watoto watajua baada ya siku mbili kwamba maana yake ni "umekosea". La pili ni "nani amefika hapo kwa njia nyingine?" La tatu ndilo hilo la kujaribu. Swali lisilo na nafasi katika somo la leo usilitupe: bandika karatasi ya manila ukutani, mwanafunzi aliandike mwenyewe, na Ijumaa chagueni moja mlichunguze pamoja. Watoto wakiona maswali yao yanakaa ukutani, watauliza mengine.

Na ukiuliza swali, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi Marekani katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kimya hicho kitakuwia kigumu mwanzoni, hasa mkaguzi akiwa amekaa nyuma, lakini ndani yake watoto wanafikiri.

Kuhusu fimbo nitasema waziwazi. Hakuna lengo la kuweza litakaloishi katika darasa ambamo jibu la kosa linalipwa kwa kiboko. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na visizidi viboko vinne. Kukosa hesabu ya sehemu si kosa la nidhamu. Vivyo hivyo kumwita mtoto kilaza mbele ya wenzake: jina hilo hukaa naye hadi darasa la saba, na anayelibeba hanyooshi mkono tena.

Kazi zenye njia zaidi ya moja

Mtoto hawezi kubuni ikiwa kila kazi anayopewa ina jibu moja na njia moja. Huhitaji kubadilisha mtaala wala kusubiri semina. Chukua zoezi lililo kitabuni uligeuze.

Katika Hisabati, kitabu kinauliza mzingo wa mstatili wenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 5. Geuza: bibi ana wavu wa mita 24 na anataka kujenga banda la kuku la mstatili, linaweza kuwa na vipimo gani, na lipi litampa kuku nafasi kubwa zaidi? Anayejikongoja atapata jibu moja au mawili. Mwingine atapanga yote kwa namba kamili, mita 1 kwa 11, 2 kwa 10, na kuendelea, na kugundua kwamba eneo linakua kutoka mita za mraba 11 hadi 36 kadiri pande zinavyokaribiana. Kisha kipanga wako ataibua ubishi kama mraba nao ni mstatili. Waache wabishane. Mwishoni wengi watakuwa wamefanya hesabu za mzingo na eneo nyingi kuliko zile za kitabuni, na wamezifanya kwa sababu wanatafuta kitu. Siku nyingine andika ubaoni "jibu ni 60" na uwaombe maswali matano tofauti yanayoleta jibu hilo. Sharti lako liwe moja: yasiwe yote ya kujumlisha.

Katika Kiswahili tuna hazina ambayo walimu wengi wanaitumia kama makumbusho. Vitendawili tunavifundisha kwa orodha: mwalimu anatega, watoto wanaimba jibu walilokariri. Mtoto anayekariri kitendawili anajifunza jibu. Anayekitunga anajifunza kutazama. Wape kipindi kimoja wachague vitu vilivyo kijijini kwao leo, bodaboda, simu, tanki la maji, mashine ya kukoboa, na watege vipya. Wafundishe kazi inavyofanyika: taja tabia ya kitu, kitazame kama mtu au mnyama, ficha jina, acha alama moja ya kukamatia. Kwa mfano, kutwa anaota jua juu ya bati, usiku anatumulikia ndani. Jibu ni paneli ya sola. Hiki si kigumu, na ndiyo sababu kinafaa kuanzia. Kisha wapeleke vya kwao nyumbani wakawatege babu na bibi. Mtoto aliyemshinda babu yake kwa kitendawili alichotunga mwenyewe atarudi kesho yake na vingine.

Insha nazo zigeuze. Badala ya kuandika "Siku Nisiyoisahau" kwa mara ya ishirini, soma hadithi hadi katikati, ukate, na kila kundi limalizie kwa namna yake. Wasomeane, kisha ulizeni ni mwisho upi unaoaminika na kwa nini.

Katika Sayansi, kichujio cha maji kinatosha kwa vipindi viwili: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kugeuzwa, kitambaa au pamba mdomoni, mchanga, mkaa uliopondwa na kokoto. Usiwaambie mpangilio. Wape maji ya tope na wajaribu kuupata wenyewe, kila kundi likiandika lilichopanga na maji yaliyotoka yalikuwaje. Kundi ambalo maji yake yametoka machafu nalo liripoti kwa uzito uleule, kwa kuwa bila hilo darasa halitajua kokoto zikikaa chini kabisa zinafanya nini. Waonye kabla ya kuanza kwamba maji hayo, hata yang'ae vipi, si ya kunywa.

Kwa walimu wa sekondari naongeza hili. Kijana anayefikiri kwa Kiswahili na kulazimishwa kusema kwa Kiingereza pekee hutoa wazo dogo kuliko alilonalo. Waruhusu wajadiliane katika makundi kwa lugha waliyo nayo, kisha wasaidiane kuliandika wazo kwa Kiingereza.

Wapo watakaokuambia kwamba haya yote yanapoteza muda wa kukariri. Jedwali la kuzidisha likaririwe, tena vizuri. Mtoto anayehesabu saba mara nane kwa vidole hatafika kwenye swali la banda la kuku. Ubunifu unahitaji maarifa yaliyokaa kichwani tayari. Kosa ni kuishia hapo.

Ukiwa na watoto 90

Najua darasa lako lina watoto wangapi. Usipange makundi ya watu kumi; watatu watafanya na saba watatazama. Dawati moja lenye watoto watatu ndilo kundi, na huhitaji kusogeza chochote. Wape majukumu yanayozunguka: mmoja anaandika, mmoja anaeleza, mmoja kazi yake ni kuuliza "kwa nini". Usiwakusanye vipanga kwenye dawati moja na kuwaacha wengine nyuma. Na usimchague mara zote aliyenyoosha mkono. Andika majina kwenye vipande vya karatasi, utie kwenye kopo, uchomoe.

Kalamu nyekundu

Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israel, aliwarudishia wanafunzi kazi zao kwa namna tatu: wengine walipewa alama, wengine maoni bila alama, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni pekee ndio waliosonga mbele na kuendelea kuipenda kazi. Waliopewa vyote viwili hawakuwa bora kuliko wenye alama tu, huenda kwa sababu mtoto akiona 4/10 hasomi tena kilichoandikwa chini yake.

Kwa hiyo katika mazoezi ya kila siku, yasiyoingia kwenye rekodi ya mwalimu wa taaluma, acha alama. Andika jambo moja lililofanyika vizuri na jambo moja la kufanya tena: "Umepanga tarakimu sawasawa. Rudia namba 3, angalia ulichoazima." Kwa madaftari 90 haiwezekani kila siku, basi chukua safu moja kwa siku na wengine wasahihishane kwa jozi ukiwa umewaandikia ubaoni mambo mawili ya kutazama. Kisha, na hapa ndipo wengi wetu tunapokatisha, wape dakika kumi za kipindi kinachofuata wafanye hilo la kurudia. Maoni yasiyopewa muda wa kufanyiwa kazi ni wino uliopotea.

Sifa nazo ziwe na shabaha. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Dweck waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo, kisha wakawasifu wengine kwa akili na wengine kwa bidii. Waliosifiwa akili walichagua kazi nyepesi baadaye, na walipokutana na mafumbo magumu walikata tamaa mapema. Ukisema "una akili sana", mtoto ana jina la kulinda. Sema alichofanya: "umejaribu njia mbili kabla ya kuniita." Wala usimsifu kwa bidii ambayo hukuiona, watoto wanajua.

Lengo la mtoto mwenyewe

Kila Jumatatu, dakika tano, ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwanafunzi aandike: wiki hii nataka niweze... Sentensi ianze na kuweza, na jambo liwe dogo kiasi cha kuonekana Ijumaa. "Nataka kujua Hisabati" ni kubwa mno. "Nataka niweze kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili bila kusaidiwa" linapimika. Ijumaa aandike mstari wa pili: nimeweza au bado, na kilichonisaidia au kunikwamisha ni hiki. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa linamfundisha kutazama namna anavyojifunza.

Wiki mbili za mwanzo watanakiliana malengo, na wengine wataandika wanachodhani unataka kusikia. Kaa nao. Waonyeshe lako ubaoni: wiki hii nataka niweze kumwita kwa jina kila aliyekaa safu ya nyuma. Mtoto anayeandika "bado" wiki tatu mfululizo usimwongezee maneno ya kutia moyo, likate lengo lake liwe dogo zaidi. Asiyeweza kugawanya huenda tatizo lake ni kutoa, na huko ndiko kwa kuanzia. Anayeandika "nimeweza" kila wiki naye anajichagulia mepesi. Mpe kazi ambayo wewe mwenyewe huna hakika ya jibu lake.

Mtihani na wazazi

Darasa la nne na la saba mitihani ipo, na mwalimu mkuu anataka matokeo. Usiache mazoezi ya mtihani, ila yatumie kwa namna nyingine. Baada ya jaribio la kuchagua jibu, wape watoto kazi ya kutunga swali lao: jibu sahihi na majibu matatu ya uongo, na waeleze mtu angefikiri nini hata achague kila mojawapo ya hayo matatu. Anayeweza kutunga mtego anaielewa mada kwa undani, na hatanaswa nao kirahisi.

Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, mwaka 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Shule inaweza kufuata mfano huo mstarini bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule ijenge akili yenye udadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wengine, na kujiamini, akalalamika kwamba shule ya msingi imefanywa kuwa maandalizi ya mtihani wa kuingia sekondari. Zaidi ya nusu karne imepita, na malalamiko hayo ukiyasoma leo kwenye kikao cha walimu hakuna atakayedhani ni ya zamani.

Wazazi watakuwa wagumu zaidi ya watoto, na wana sababu: namba ya nafasi ndiyo habari pekee ambayo shule imewapa miaka yote. Basi wape nyingine. Kwenye kikao cha wazazi, badala ya kusoma orodha, kila mtoto akae na mzazi wake robo saa, afungue daftari la Januari na la sasa, aonyeshe jambo moja aliloshindwa wakati ule na analoliweza leo, kisha alifanye palepale mbele yake. Asiye na mzazi aliyekuja mpe mwalimu mmoja au jirani, asikae peke yake. Baba akikuuliza, "Sawa mwalimu, lakini ameshika namba ngapi?" mwambie namba, usimfiche. Kisha mwombe amwulize mwanawe swali moja kuhusu kazi iliyo mbele yao, na akishauliza, ahesabu hadi tano.